Nick Lane na Ukuta wa Mitokondria

Kuna sentensi moja ya sayansi ambayo karibu kila aliyepita sekondari huku kwetu anaijua, hata yule aliyefeli baiolojia: mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli. Mimi niliikariri kwa Kiingereza, nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa alama yangu, maisha yakaendelea. Siku ileile ungeniuliza kiwanda hicho kinatengeneza nini hasa, kwa malighafi gani, na mitambo yake inazungushwa na nini, ningekutolea macho tu.

Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili kanibana. "Mjomba, mwalimu wa fizikia kasema nishati haitengenezwi wala haipotei, inabadilika tu. Halafu wa baiolojia anasema mitokondria inatengeneza nishati. Sasa nani muongo?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikawa wiki tatu, na ndani ya wiki hizo nikarudia kitabu nilichokuwa nimekisoma zamani kwa kurukaruka: Power, Sex, Suicide, cha Nick Lane, mtaalamu wa biokemia wa University College London. Kilitoka 2005 na jina lake ni balaa. Nguvu, ngono, kujiua. Nilikuwa nakisomea kwenye daladala, na baada ya dada mmoja kulitazama jalada kisha kunitazama mimi usoni, nikakivalisha gazeti.

Mtaniuliza kitabu cha namna hii kinatafuta nini huku tunakojadili riwaya na mashairi. Jibu langu ni kwamba nilichokuta humo ni ugomvi wa sitiari. Lane anasimulia jinsi seli zinavyotoa nishati kwenye chakula, na kila anapofika pagumu inambidi achague picha ya kumpa msomaji. Picha hiyo inaamua tutaelewa nini na tutadanganyika wapi. Swali la mpwa wangu lenyewe ni swali la sitiari mbovu: neno "kiwanda" ndilo lililomgombanisha na mwalimu wa fizikia.

Kabla ya kiwanda, kuna neno jingine linalotukwaza sisi zaidi. Tendo hili tunaliita upumuaji wa seli. Kosa si letu peke yetu, maana neno la Kiingereza nalo asili yake ni kuvuta pumzi. Lakini Mswahili akisikia upumuaji anaona pua, kifua, mapafu. Pumzi bado ni mbichi mdomoni mwake. Kwa hiyo wengi wetu tulimaliza shule ya msingi kwa Kiswahili tukijua kupumua ni kuvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, tukaingia sekondari, lugha ikabadilika, tukafundishwa jambo lingine kabisa huku tukidhani ni lilelile. Mapafu ni mlango tu. Shughuli yenyewe iko ndani, kwenye seli za ini, za kope, za kidole gumba cha mguu. Haiko kwenye chembe nyekundu za damu zilizokomaa, ambazo hazina mitokondria hata moja: zinabeba oksijeni siku nzima na zenyewe haziigusi, kama mpagazi wa sokoni na magunia ya mchele wa watu.

Kisha kuna mlinganyo ule wa darasani. Glukosi jumlisha oksijeni, unapata hewa ukaa, maji na nishati. Mimi mlinganyo nausoma kama maandishi mengine yoyote, na kama maandishi, huu ni muhtasari mbovu. Ni kama mtu akuhadithie riwaya nzima kwa kusema "walipendana, wakafa". Uongo haumo. Hesabu imekaa sawa, molekuli moja ya glukosi kwa sita za oksijeni, sita za hewa ukaa, sita za maji. Lakini anayeusoma ataamini kwamba oksijeni anayoivuta inashikana na kaboni ya sukari na kumtoka puani ikiwa hewa ukaa. Sivyo. Oksijeni unayoivuta inaishia kuwa maji. Hewa ukaa inatoka mapema zaidi, wakati sukari inavunjwavunjwa na kaboni zake kung'olewa mojamoja, na huko oksijeni ya hewani haijaingia mkono. Nilipolielewa hili nilifunga kitabu nikakaa kimya. Miaka yote hiyo!

Halafu mlinganyo huo ni uleule wa moto. Mwaga kijiko cha sukari jikoni kiungue chote, utapata hewa ukaa, maji na joto, na jumla ya nishati inayotoka ni ileile ambayo mwili ungeipata kwa kuivunja sukari hiyo mpaka mwisho. Tofauti iko kwenye mwendo. Motoni sukari inaporomoka kwa mkupuo. Kwenye seli inashushwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi kuna mtu wa kudaka kinachoanguka. Mlinganyo umezifuta ngazi zote.

Lane anazirudisha, na ndiyo maana kitabu chake kina thamani. Kimegawanywa sehemu saba, na ya pili ndiyo moyo wake. Sukari inakatwa vipande viwili nje ya mitokondria bila oksijeni kuhusika, kazi ambayo hata hamira inaiweza na ambayo kwenye hamira inaishia kuwa pombe. Vipande vinaingia mitokondria na kupitishwa kwenye mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937. (Jarida la Nature liliirudisha barua yake, akaichapisha kwingine, na 1953 akapewa Nobeli.) Hapa Lane anapita haraka, mzunguko huo aliurudia baadaye na kuuandikia kitabu kizima, Transformer, cha 2022. Kinachonyofolewa humo ni elektroni. Elektroni hizo zinapokezanwa na protini zilizopangwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, zikishuka hatua kwa hatua mpaka kwa oksijeni, ambayo inazipokea na kugeuka maji. Zikiwa zinashuka, katika vituo vitatu nguvu yake inatumika kusukuma protoni, yaani haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, kutoka upande mmoja wa utando kwenda upande wa pili.

Sasa nguvu hiyo inafikaje kwenye ATP, ile molekuli ambayo seli inaitumia kama hela ndogo ya matumizi? Hapa ndipo Lane anapokuwa msimuliaji kweli. Wataalamu wa miaka ya 1950 waliamini lazima kuna kemikali ya kati, kitu fulani chenye nishati nyingi kinachoibeba kutoka kwenye mnyororo wa elektroni kuipeleka kwenye ATP. Waliitafuta. Mara kwa mara mtu alitangaza kaipata, kisha ikaonekana siyo. Mwaka 1961 Peter Mitchell akaandika kwamba hawaipati kwa sababu haipo. Kinachobeba nishati ni tofauti ya pande mbili za utando: protoni nyingi huku, chache kule, na hamu yake ya kurudi.

Walimcheka, wengine wakamkasirikia. Mitchell mwenyewe alikuwa mtu mgumu, kwanza aliandika kwa istilahi zake mwenyewe ambazo wenzake hawakuzielewa. Akaugua vidonda vya tumbo, akaacha kazi chuoni Edinburgh, akakarabati jumba la zamani karibu na Bodmin, kusini-magharibi mwa Uingereza, akalifanya maabara. Aliyefanya naye majaribio miaka yote hiyo ni Jennifer Moyle, na hapa nina manung'uniko: ningependa Moyle apewe nafasi kubwa zaidi ya ile anayopewa kwenye hadithi hii kila inaposimuliwa. Ushahidi ulikuja polepole. Mwaka 1966 André Jagendorf na mwenzake waliloweka vipande vya kloroplasti kwenye asidi, wakavihamishia kwenye alkali, gizani, na ATP ikatengenezwa bila mwanga wala chakula, kwa tofauti ya protoni peke yake. Mwaka 1974 Efraim Racker na Walther Stoeckenius wakaunda vifuko vya mafuta, wakapachika humo protini ya bakteria inayosukuma protoni ikipigwa na mwanga, pamoja na kimeng'enya kutoka moyo wa ng'ombe. Bakteria na ng'ombe, viumbe wasiowahi kukutana. Wakawasha taa, ATP ikatoka. Mitchell alipewa Nobeli 1978, peke yake.

Ninachokipenda kwa Lane ni kwamba hawadhihaki walioshindwa. Anaonyesha kuwa walikuwa wafungwa wa picha: walifikiria kitu, wakati jibu lilikuwa tofauti kati ya sehemu mbili. Ni kama kutafuta umeme wa Mtera ndani ya tone la maji. Tone ni lilelile juu ya bwawa na chini ya bwawa. Chunguza utakavyo, hutakuta kitu ndani yake. Kilichobadilika ni mahali lilipo.

Picha ya bwawa inatumiwa na wengi, na kwetu inakaa vizuri kuliko hata huko ilikotoka. Maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo Mtera, yanaendelea kushuka, yanazungusha tena mitambo ya Kidatu. Maji yaleyale, yanatumika mara mbili kwa sababu hayakuachiwa yaporomoke mara moja. Mtu aliyeishi na mgao wa umeme kwa sababu kina cha Mtera kimeshuka hahitaji kufundishwa kwamba mitambo bila tofauti ya kina ni chuma tu. Mimi ningeanzia hapo darasani.

Ila picha hii ina ufa, na msomaji asipoonywa ataanguka humo. Bwawa letu linajazwa na mvua. Bwawa la mitokondria halina mvua. Linajazwa kwa pampu, na pampu zinaendeshwa na mkondo mwingine, ule wa elektroni zinazoshuka kuelekea oksijeni. Mikondo ni miwili: mmoja unashuka ili mwingine upandishwe. Oksijeni ikikosekana mwisho wa mkondo wa kwanza, elektroni zinakwama foleni, pampu zinasimama, na bwawa linakauka ndani ya muda mfupi sana. Lane analijua hili vizuri, lakini anasoma kama mtu aliyezoea njia. Mimi nilibidi nirudi nyuma kurasa kadhaa.

Walioishi na muhogo mchungu wataelewa kwa njia nyingine. Wazee wetu wanajua kwamba muhogo ule haupelekwi chunguni hivihivi; unamenywa, unalowekwa au kuvundikwa, unaanikwa, ndipo unasagwa. Sumu inayotolewa kwa kazi hiyo yote ni sianidi, na sianidi inafanya jambo moja mahususi: inakaa kwenye protini ya mwisho ya mnyororo, mahali penyewe ambapo oksijeni ilitakiwa ipokee elektroni. Mtu aliyekula dozi ya kuua anakufa kwa kukosa pumzi wakati mapafu yake yanavuta hewa na damu yake imejaa oksijeni. Hata damu ya kwenye vena inaweza kuonekana nyekundu ya kung'aa, kwa sababu oksijeni imefika kwenye tishu ikakosa wa kuipokea. Anayedhani upumuaji ni kazi ya pua hawezi kuelewa kifo hicho. Na sisi tuna maneno ya kila hatua ya kuandaa muhogo, ila hatuna kitabu cha kawaida cha Kiswahili kinachomwambia msomaji kwa nini bibi yake alikuwa sahihi. Hilo linaniuma kuliko suala la istilahi. Istilahi zipo, TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Kinachokosekana ni msimuliaji.

Rudi kwenye ukuta. Lane anatumia takwimu kwa kiasi na kwa wakati wake, sifa adimu kwa waandishi wa sayansi. Tofauti ya umeme kwenye utando ni kama volti 0.15, ambayo haiwashi hata kitochi. Lakini utando una unene wa nanomita 5 hivi. Gawanya, utapata volti milioni 30 kwa kila mita, nguvu ya kiwango cha radi. Protoni zinarudi kwa kupitia protini inayozunguka kama tabini, zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja unatoa ATP tatu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani waliibandika protini hiyo uzi unaong'aa, wakaiona kwa darubini ikizunguka kweli. Mwili wa mtu mzima una gramu 60 hivi tu za ATP, lakini kwa siku unatumia takriban kilo 60. Molekuli ileile inachajiwa na kutumika karibu mara elfu moja kuanzia asubuhi mpaka asubuhi.

Hapo jibu la mpwa wangu lipo: hakuna anayetengeneza nishati. Sukari ilikuwa nayo, elektroni zikaishusha, protoni zikaishikilia nyuma ya ukuta, tabini ikaiweka kwenye ATP, na sehemu kubwa njiani ikawa joto, ndiyo maana una joto hata umelala. Ukitoboa ukuta, protoni zinarudi bila kupita kwenye tabini na nguvu inakuwa joto tupu. Mtoto mchanga anafanya hivyo kwa makusudi kwenye mafuta yake ya kahawia ili asipate baridi. Miaka ya 1930 huko Marekani iliuzwa dawa ya kupunguza unene iliyofanya kazi kwa namna hiyo, DNP. Watu walikonda. Wengine waliungua kutoka ndani wakafa.

Inashangaza kwamba ile sentensi ya darasani haikuanza vibaya. Usemi wa Kiingereza uliosambaa sana ulitokana na makala ya Philip Siekevitz ya 1957 kwenye Scientific American, na neno alilotumia maana yake ya kawaida ni jengo la kufua umeme. Kidatu, siyo kiwanda cha sabuni. Baadaye neno likalegea, likawa sifa ya mtu mwenye nguvu au timu kali, nasi tulipolihamisha tukalifanya kiwanda. Picha iliyokuwa karibu na ukweli, hata kabla ya Mitchell, ikapotea kwenye tafsiri.

Sasa malalamiko. Lane hajui kunyamaza. Baada ya sehemu ya pili anataka mitokondria ieleze kila kitu: kwa nini bakteria wamebaki wadogo, kwa nini kuna jinsia mbili, kwa nini tunazeeka. Baadhi ya hoja hizi ni nzuri. Lakini anazisimulia kwa sauti ileile aliyotumia kwa Mitchell, ambaye ushahidi ulishamkubali, na msomaji asiye mtaalamu hana namna ya kujua wapi amevuka kutoka kwenye ardhi ngumu kwenda kwenye tope. Hoja yake kuhusu bakteria aliipigia hesabu 2010 akiwa na William Martin. 2017 Michael Lynch na Georgi Marinov wakazipinga hesabu hizo. Sehemu ya uzee nayo imeegemea nadharia ambayo imepata pingamizi nyingi tangu wakati huo. Simlaumu kwa kukosea, sayansi ndivyo ilivyo. Namlaumu kwa sauti. Msimuliaji mzuri hubadilisha sauti anapotoka kwenye aliyoyaona kwenda kwenye anayoyadhani. Na ile "maana ya maisha" kwenye jina dogo la kitabu, hapana bwana, hiyo ni ya kuuzia tu.

Anayeweza jambo hilo ni Primo Levi, mkemia wa Torino aliyenusurika Auschwitz. Sura ya mwisho ya kitabu chake cha 1975, Il sistema periodico, inaifuata atomu moja ya kaboni kutoka kwenye jiwe la chokaa, hewani, kwenye jani la mzabibu, kwenye divai, kwenye ini la mnywaji. Huko inakaa kama glukosi ya akiba mpaka siku farasi aliposhtuka na mtu yule akalazimika kumkimbiza. Glukosi inafika kwenye msuli wa paja, inakatwa vipande viwili vya asidi ya laktiki, maana oksijeni haijafika ya kutosha. Inafika dakika kadhaa baadaye, mtu akiwa anatweta. Levi anakiri wazi kwamba hadithi ni ya kubuni na kwamba atomu ni nyingi kiasi kwamba lazima mojawapo ilipitia njia hiyo. Kwenye aya chache ana upumuaji wa seli wote unaohitajika: kukata bila oksijeni, deni, kulipa deni. Hana mitambo, hana protoni, hata ukuta hana. Ana mtu aliyechoka kando ya farasi.

Nilipokuwa namtafsiria mpwa wangu kipande hicho kwa mdomo nikajikuta nina maneno ya ziada ambayo sikuwa nimeyafikiria: kuhema, kutweta, kushusha pumzi. Halafu kupumzika, ndugu wa pumzi kabisa. Yule mtu wa Levi anasimama, anapumzika, na katika kupumzika huko ndipo seli zake zinapopumua, kwa ile maana niliyoshindwa kuielewa nikiwa na umri wa huyu binti. Alinisikiliza, akauliza farasi alipatikana au la. Levi hasemi.

Kitabu cha Lane nimemwazima, gazeti likiwa bado juu ya jalada kwa ajili ya mama yake. Nimemwambia aanze na sehemu ya pili, arudie kurasa za Mitchell mara mbili, na akifika sehemu ya saba asome akiwa na penseli mkononi. Kwenye mtihani aandike kiwanda, alama zake apate.